Chafya Mbele ya Heroe

Jumamosi usiku, Dubai

Nacheka mpaka gari letu la kulala linatikisika. Nitamwamsha mume wangu.

Wiki nzima picha zake za ndege zinatoka na ukungu. Anasingizia upepo, lakini ni mikono. Imeanza kutetemeka tangu astaafu, nami naogopa kumwambia.

Leo tumewanyemelea ndege heroe kule horini, wamesimama majini kwa miguu yao mirefu, rangi ya waridi tupu. "Usikohoe," kanionya. Sikukohoa. Nikapiga chafya! Kundi zima likaruka, naye kwa mshtuko akabonyeza kamera.

"Khalas, ushaniharibia!"

Jioni, nyumbani kwa binti yetu tulikoegesha gari, tukaitazama ile picha. Mbawa zote wazi, hata manyoya yanahesabika. Mzee akanibusu mbele ya mkwewe!

Tunarudi horini kesho alfajiri. Kabla hajalala, kanitilia mwenyewe pilipili manga mkobani.