Mama Amebaki Juu ya Bonge la Udongo

Kijiji cha Kewan,
Urfa.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Bozan,

Pokea salamu na mkono wa Idi kutoka kwa dada yako Zelha. U hali gani huko Kolon? Shemse na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Kasimu anakohoa kidogo kwa vumbi la mavuno ya dengu, ila sigara haachi. Pilipili za mwaka huu zimeshika vizuri.

Basi, salamu zimetosha. Sasa nisikilize, maana simu zangu hupokei, na barua huwezi kuikata katikati.

Nani alikutuma umtoe mama kaburini? Profesa Tulay, yule wa Istanbul anayechimba kilima chetu akitafuta mambo ya kale, ameniambia bila kupepesa macho kwamba alikupigia simu kuomba makaburi ya pale juu yahamishwe, nawe ukamjibu, "Kilima ni chenu, chimbeni." Kaka, nakujua. Ulikuwa unaonyesha ukarimu tu. Kwetu mgeni akilisifu zulia tunamwambia alichukue, naye anakunywa chai yake, anashukuru na kuliacha pale pale sakafuni. Lakini yule si wa huku. Zulia kalibeba! Na wewe umekaa ughaibuni hadi umesahau neno kama lile huambiwa nani.

Wenzetu waliwahamisha watu wao mwezi wa nne, kila ukoo ukibeba wa kwake. Mimi nilikataa. Nilikwenda kukaa kando ya kaburi la mama na sufu yangu ya kusokota, nikasema haguswi mtu hapa mpaka mwanawe mkubwa aje. Waliniheshimu, sitawasingizia. Lakini kazi hawakusimamisha. Wamechimba pande zote, wakazifikia zile nguzo za mawe zilizochongwa mbweha na nyoka, na katikati ya shimo wamemwacha mama peke yake juu ya bonge la udongo, refu kunipita mimi.

Siku ya kuamkia Idi wanawake tulikwenda makaburini kama kawaida, nami ilinibidi niombe ngazi. Ngazi, Bozan, ili nimsomee mama yangu Fatiha! Niko huko juu, nimeishika sketi kwa mkono mmoja, shangazi Hedle akaniita mbele za watu: "Zelha, mama yenu kapanda cheo. Siku hizi anakaa ghorofani." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikalia mpaka nikashindwa kushuka.

Profesa aliponiona vile akanikaribisha chai hemani. Akanieleza kwa upole kwamba watu wa nguzo zile, wa maelfu ya miaka kabla ya manabii, huenda waliwazika wafu wao chini ya sakafu za nyumba, kwa kuwa hawakutaka kukaa mbali nao. Macho yalimng'aa.

Nikamwambia, "Hao unawaelewa, mwalimu. Mimi niliye hai mbona hunielewi?"

Akanijazia chai tena kwa mkono wake. Si mtu mbaya yule. Hasira yangu ni kwako wewe, uliyemtoa mama kwa neno moja la simu, bila kuniuliza mimi ninayemwagilia kaburi lake kila Alhamisi.

Mwenyewe profesa anasema mvua zikianza bonge lile litaporomoka, na mama ataporomoka nalo. Kaburi jipya liko tayari kando ya shamba letu. Siku ya maziko ulichelewa ndege, mwana wa jirani akashuka kaburini kumpokea badala yako, na kijiji kikakusamehe. Safari hii hakuna wa badala yako. Kasimu na binamu zetu wote nimewaambia: atakayemgusa asikanyage kwangu tena.

Njoo umbebe mama kwa mikono yako. Usipokuja, nitapanda ngazi ile na kumshusha mimi, mwanamke, kisha nitaingia naye kaburini mbele ya kijiji kizima. Watauliza mwanawe yuko wapi, na mimi nitawajibu.

Nisalimie Shemse, Rojda na Delil, uwabusu kwa niaba yangu. Kasimu anakusalimu sana. Shangazi Hedle kasema salamu zake atakupa ana kwa ana. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokukaripia,

Zelha