Mama Mkwe Amesusa Meza Yangu ya Sikukuu ya Shukrani

Mpendwa mshauri Bi. Verna, naomba msaada wako kabla Sikukuu ya Shukrani haijatufikia, maana bata mzinga wangu yuko kwenye friza na sijui hata kama atapata mtu wa kumla, na majina nimeyageuza kwa sababu mji wetu ni mdogo, kanisa moja na duka moja, na mama mkwe wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi akinywa kahawa.

Mume wangu, nimwite Harlan, ni mkulima wa mahindi na soya, mtu wa miraba minne asiyejua kulalamika, na msimu uliopita wa kupanda alikuwa anapakia magunia ya mbegu akashika kifua, akakaa chini kwenye tope, na tulipomfikisha hospitali wakasema ni shambulio la moyo, mshipa mmoja umeziba, wakauzibua, akarudi nyumbani na maagizo kwamba chumvi ipungue, siagi na mafuta vipungue, sukari ipungue, mboga ziongezeke, na mimi nikayashika maagizo yale kwa mikono miwili, kwa sababu baba mkwe sikumkuta hai, yeye alifariki kwa ugonjwa huohuo wa moyo Harlan akiwa bado shuleni, na mimi sitaki kuwa mjane wala watoto wetu wakue bila baba.

Sasa chakula cha Shukrani katika ukoo wetu ni cha mama mkwe, nimwite Ardis, tangu enzi na enzi: bata mzinga aliyepakwa siagi mpaka anang'aa, mkate wa kujazia tumboni mwake, viazi vya kuponda kwa krimu, viazi vitamu vilivyofunikwa peremende nyeupe laini zinazoyeyukia kwenye oveni, mchuzi mzito, pai za boga, na watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya meza ile, lakini mwaka huu niliomba sikukuu ifanyike kwangu, akakubali shingo upande, nami kwa kiherehere changu nikaona nijaribu mapishi Jumapili moja mapema, nikamwalika yeye na wifi yangu Marlys.

Nilibadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja. Nilioka kidari cha bata mzinga bila ngozi, nikaponda koliflawa badala ya viazi, viazi vitamu nikaviacha vitupu, maharage machanga nikayapika kwa mvuke, mchele mweusi wa ziwani, ule unaoota majini huku kwetu, nikauchanganya na matufaha na vitunguu, na mahali pa pai nikaweka mapeasi ya kuoka. Mama mkwe alikula mchele, akaongeza, halafu akaonja koliflawa, akaweka kijiko chini na kumgeukia mwanawe.

"Harlan, umefungwa jela lini? Mbona hukuniambia?"

Marlys akacheka, Harlan akainamia sahani yake, nami nikauliza kama chakula ni kibaya. "La, mwanangu, si kibaya," mama akajibu kwa ile sauti yake ya upole. "Ni tofauti tu." Na wewe Bi. Verna ni mtu wa hukuhuku Minnesota, unajua kwetu mtu akisema chakula ni tofauti amekusudia kwamba hakiliki.

Nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi, miguu inaniwaka moto, na maneno yakanitoka: "Mama, chakula chako ndicho kilichomlaza Harlan hospitali."

Aliinuka, akaosha sahani yake, akaikausha, akavaa koti lake akaondoka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na juzi Marlys alinipigia akasema, "Wifi, mama atapika kwake kama kawaida. Harlan anakaribishwa. Na wewe pia, ukitaka kuja na kikopo chako cha majani." Nikimuuliza Harlan anasema, "Mimi nitakula popote mtakaponiweka," kisha anatoka kwenda kutazama trekta ambalo halina ubovu wowote. Je, nimwache aende akale siagi ile, au niende naye nimpokonye sahani mbele ya watu, au nifute sikukuu kabisa? Nilitaka tu aishi.

Mkaza mwana aliyesusiwa,
Minnesota

*

Mpendwa mkaza mwana,

Kwanza pole. Kumwona mume amekaa kwenye tope ameshika kifua ni jambo ambalo halimtoki mtu haraka, na sishangai kwamba unamwangalia kila anapoinua kijiko. Nia yako ni njema na chakula ulichopika kilikuwa chakula cha akili. Ulimi wako ndio uliounguza meza.

Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umeniambia kwa nusu sentensi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba baba mkwe alikufa kwa moyo. Nani alikuwa anampikia? Mama huyu alizika mume, akalea watoto, na sitashangaa kama amelala miaka yote hiyo akijiuliza kama ni ile siagi. Halafu Jumapili, mbele ya watoto wake, wewe ukamjibu swali ambalo hajawahi kuthubutu kumuuliza mtu. Ulimtaja Harlan, yeye akasikia na jina la marehemu. Na bado akaosha sahani. Ningekuwa mimi ningeivunja.

Wala si kweli, mwanangu. Moyo una sababu nyingi. Kuna kurithi, kuna umri, kuna kazi. Chakula cha sikukuu moja kwa mwaka hakiwezi kubeba lawama yote hiyo.

Sasa sikiliza. Mwanamke aliyeongeza mchele kwa hiari yake hana ugomvi na mboga. Ulimwondoa jikoni kwake kwa siku moja, ukamkalisha kama mgeni, ukangoja akusifu. Mrudishe. Mwambie bata mzinga ni wake, na mchuzi ni wake. Aoke ndege na ngozi yake kama alivyozoea, siagi ipungue, majani ya kunukia yaongezeke, na Harlan akatiwe nyama isiyo na ngozi. Supu ya mchuzi ilale kwenye friji, asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, ayaengue kwa kijiko; wapishi wazuri wa zamani walifanya hivyo bila kuambiwa na daktari. Viazi vya kuponda usivifute mezani, utazua vita. Changanya na koliflawa nusu kwa nusu, maziwa badala ya krimu, na ufanye hivyo waziwazi, maana chakula cha kudanganyia watu kikigundulika hakuna atakayekuamini tena hata ukimpa maji. Viazi vitamu vioke na maganda yake, mdalasini juu, zile peremende wape wajukuu pembeni. Mchele wako wa ziwani uje kwenye bakuli kubwa, katikati ya meza. Na pai ibaki, tafadhali. Kipande chembamba cha pai ya boga alichokula mtu akicheka na ndugu zake ni bora kuliko peasi alilokula kwa hofu. Daktari wake akisema vinginevyo, msikilize daktari.

Kuhusu kumpokonya mume sahani mbele ya watu: usithubutu. Yeye ni mtu mzima, na wewe si askari wa gereza, hata kama mama yake amekutania hivyo.

Harlan, kama mkeo amekuwekea gazeti hili mezani, acha trekta usome. Wanawake wawili wanagombania uhai wako na wewe unasema utakula popote watakapokuweka, kana kwamba wewe ni ndama. Moyo ni wako. Mpigie mama yako leo umwambie kwa kinywa chako, "Mama, nataka kuwaona wanangu wakiolewa na kuoa, nisaidie." Akisikia kwa mkeo ataona ni amri. Akisikia kwako atavaa aproni.

Na wewe Mama Ardis, najua umejitambua na kahawa yako imepoa. Huyu binti alikosea maneno, ila anampigania mwanao. Si kila mama mkwe ana bahati hiyo.

Basi, mkaza mwana, simu iache. Nenda kwake kesho asubuhi kwa miguu yako. Akifungua mlango hatakuacha nje kwenye baridi, watu wa huku hawawezi kumfukuza mtu kabla hajapewa kahawa. Kaa chini uinywe. Sema, "Mama, nilikosea, nisamehe," ufunge kinywa hapohapo; neno "lakini" liache garini. Akilia, lia naye. Akinyamaza, nyamaza naye. Kikombe kikiisha, muulize, "Mama, mwaka huu tuanze na nini?" na chochote atakachokijibu, kunja mikono ya blauzi yako uanze nacho.

Bi. Verna