Kamrija ka geji ya baba mkwe

Mwenzangu, tone, tone, tone gizani alfajiri hii. Nikadhani ni bomba la jikoni. Kumbe ni lile gari la kale la baba mkwe linavuja maji!

Jana nilimtengenezea geji ya joto la injini kwa siri, ili anikubalie kazi gerejini kwake. Nikazungusha nati bila kushika kale kamrija kake ka shaba, kakajisokota. Kakakatika. Kakakatika, na mwalimu wetu wa darasa la jioni la umakanika alituonya! Nikarudishia nati hivyo hivyo, nikafunga boneti.

Sasa hivi baba mkwe kainuka pale kwenye injini na kipande cha mrija mkononi: "Nani kafanya hivi?"

Mume wangu, eti: "Labda panya, baba."

"Panya gani anatafuna shaba?"

Nafungua mdomo niseme, mwanangu kaniwahi:

"Ni mama, babu, mimi nilimshikia tochi."