Mafuta ya Ndizi Kwenye Mnyororo

Baba Laras,

Wali uko chini ya kawa. Tempe ~~hakuna~~ zimebaki mbili, nyingine zote, soya niliyoivundika siku mbili, zilitapakaa barabarani asubuhi nikizipeleka sokoni, na sababu unaijua.

Huijui? Mnyororo wa baiskeli yangu umeupaka mafuta yaliyokaangiwa ndizi! Eti, "Fundi wa nini, mikono si ninayo?" Basi sisimizi wote wa Kotagede wameupanda, wakahamia kwenye saruni yangu. Nimerukaruka mbele ya msikiti kama mwenye mashetani, vikapu kule, mimi huku.

Kuku wafungie kabla ya mvua.

Baiskeli nimeikokota hadi kwa fundi Sarwidi. Hata hakunicheka. Kaniuliza kwa upole: "Mama, na ile ya Baba Laras, ataileta mwisho wa mwezi kama kawaida yake?"

Kumbe! Yako kwa fundi, yangu kwa mafuta ya ndizi.

~~Nimeshakusamehe.~~ Nimeondoka na yako. Nimeijaribu uani: mnyororo hausikiki hata kidogo, raha tupu. Yangu itakuwa tayari alasiri. Kaifuate kwa miguu. Miguu si unayo?

Mama Laras