Bahasha Iliyonuka Siki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dawati la Nyaraka

Jalada: Madai ya kughushi hati ya maombi ya mtihani wa leseni
Shahidi: anajulikana na wote kama Milimita
Umri: miaka 52
Kazi: fundi vioo, mwenye duka
Makazi: ghorofa ya kwanza, juu ya duka lake
Uhusiano na mtuhumiwa: kaka yake
Kuchukuliwa maelezo: Ijumaa, tarehe 14, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Nimeonywa na afande anayeandika kwamba silazimishwi kusema lolote, na kwamba nitakalosema linaweza kutumika dhidi yangu mahakamani. Nimemwelewa. Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu.

Mimi ni fundi vioo kwa miaka thelathini na moja. Nilianza na almasi ya kukatia niliyoazima, nikikata vioo vya madirisha kwenye kibaraza cha mtu. Leo nina duka, meza mbili za kukatia na mafundi watatu. Shule niliishia darasa la saba. Wananiita Milimita kwa sababu sijawahi kumpelekea mteja kioo kilichozidi au kupungua. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nataka afande ajue kwamba nikisema nimehesabu, nimehesabu.

Mtuhumiwa ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, mwenye miaka thelathini na nne. Naona kwenye karatasi zenu ameandikwa mstari mmoja na neno kughushi. Neno hilo limenikera sana. Naomba maelezo yangu yawekwe juu ya karatasi hiyo, yasiwekwe chini yake.

Mdogo wangu amesomea utabibu wa uti wa mgongo miaka mitano. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa wagonjwa hospitalini, kazi ya kuinua na kugeuza watu vitandani, kwa miaka saba. Darasani ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, wenzake walimwita shangazi. Mimi nilikuwa mgongo wake wa mazoezi. Kila Jumapili aliyokuwa nyumbani, saa nne asubuhi, nililala kifudifudi kwenye meza ya kukatia, tumetandika blanketi, naye akipapasa pingili moja moja na kuzitaja kwa namba kutoka shingoni kushuka chini. Hakunibinya hata siku moja. Alikuwa anasoma kwa vidole tu.

"Kaka, legea. Umekaza kama mtu anayesubiri kipigo."

Nikamwambia hakuna anayelegea juu ya meza yenye chembe za vioo.

"Basi fagia kwanza, halafu ulegee."

Jumapili moja vidole vyake vilisimama mahali pamoja kiunoni. Akauliza, "Hapa ulianguka lini?" Nilianguka kwenye ngazi mwaka niliofungua duka. Sikumwambia mke wangu, sikumwambia daktari, maana nilikuwa na madirisha kumi na nane ya kuweka wiki ile. Miaka ishirini na mbili nimelificha jambo lile, yeye akalikuta kwa dakika tisa.

Mwaka jana mshonaji wa duka la jirani alipanda ngazi kwangu amejishika kiuno. Ni mama mtu mzima, tunamheshimu. Alimwomba mdogo wangu amnyooshe mgongo, japo kidogo. Mdogo wangu akamwuliza maswali kama kumi, akamwandikia jina la kliniki, akamwambia aende leo hii hii.

Mshonaji akasema, "Miaka yote hiyo shuleni, hata kunibonyeza hujui?"

"Najua, shangazi. Leseni ndiyo sina."

"Nani atakuona humu ndani?"

"Wewe utaniona."

Mshonaji alishuka ngazi akinung'unika, lakini kliniki alikwenda. Nimelisimulia hili ili ijulikane ni mtu wa namna gani mnayemwita hapa leo kwa mara ya tatu.

Sasa nieleze sifa za kuruhusiwa kufanya mtihani. Nazijua kwa kichwa kwa sababu orodha yake ilibandikwa ukutani kwangu miezi miwili. Baraza linalotoa leseni linataka cheti cha chuo, fomu, picha mbili, barua mbili za matabibu wenye leseni, na hati ya saa za mazoezi chini ya msimamizi, zisizopungua elfu moja. Hati hiyo hutoka chuoni ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya mkunjo wake, na anayeruhusiwa kuifungua ni Baraza peke yake. Dirisha la maombi linafungwa Alhamisi tarehe 20, saa kumi jioni. Mtihani ni tarehe 28. Ukikosa, unakaa mwaka mzima.

Mnamo tarehe 10, Jumatatu, mdogo wangu alirudi kutoka chuoni, safari ya saa tano kwa basi, akiwa na bahasha. Aliilaza chini ya kioo kwenye meza ya ofisi yangu isije ikakunjika.

Akaniambia, "Kaka, hii usiiguse."

Nikamjibu, "Niiguse ya nini?"

Mnamo tarehe 11, Jumanne, saa tatu asubuhi, mdogo wangu alitoka kwenda kupiga picha. Mafundi walikuwa nje wakipakia vioo. Mimi nilichemsha birika. Niliushika mkunjo wa bahasha juu ya mvuke kwa dakika nne mpaka ukaachia. Hakuna aliyenituma. Sababu yangu ni kwamba mimi sikati kabla ya kupima. Nimeletewa vipimo na wahandisi, nimeletewa na wasanifu majengo, na si mara moja wala mbili nimevikuta vimekosewa, na kama ningewaamini ningekuwa bado niko kwenye kile kibaraza.

Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye mihula tisa na saa za kila muhula: 84, 96, 110, 128, 117, 135, 109, 122, 114. Chini yake, kwa wino: Jumla 985.

Nilijumlisha kutoka juu kwenda chini. Nikajumlisha kutoka chini kwenda juu. Nikachukua kalkuleta. Mara zote tatu nilipata 1,015. Nikatafuta kosa lilipo, nikaliona. Safu ya mwisho inatoa 45. Aliyehesabu aliandika tano, halafu badala ya kubeba nne akabeba moja. Kwa kosa hilo mdogo wangu alikuwa amepungukiwa na saa kumi na tano, na Baraza lingemrudisha bila kumsikiliza.

Afande amesimamisha maelezo, ametoa hati hiyo kwenye kielelezo na kuihesabu mwenyewe pembeni ya daftari lake. Ameihesabu tena. Tumeendelea.

Nilichotakiwa kufanya siku ile ni kumngoja mdogo wangu arudi na kumwambia: nimekosa, nimefungua, lakini angalia. Tulikuwa na siku tisa. Sikufanya hivyo. Nilichukua penseli nikaandika chini ya ile jumla: "Sahihi ni 1,015. Hesabuni tena." Nilitumia penseli wasije wakasema nimewaharibia karatasi. Kisha nikafunga bahasha. Gundi ya karatasi ilikuwa imekaukia kwenye chupa, nikatumia silikoni ya vioo. Muhuri niliulinganisha vizuri, haukupishana hata nusu milimita. Niliirudisha chini ya kioo na niliridhika na kazi yangu. Naomba hilo nalo liandikwe, kwamba niliridhika.

Mnamo tarehe 12, Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, nilimpeleka mdogo wangu ofisi za Baraza. Ni ukumbi wenye madirisha manne na benchi moja ndefu. Alikwenda dirisha la tatu. Mimi nilikaa kwenye benchi, hatua sita nyuma yake. Karani alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipokea fomu, akahesabu picha, akasoma barua. Alipofika kwenye bahasha aliingiza kidole achane, mkunjo ukavutika kama mpira. Akavuta tena. Akaileta puani.

"Dada, mbona hii inanuka siki?"

Yeyote aliyewahi kuweka kioo anaijua harufu ya silikoni mbichi, kali kama ya siki. Mdogo wangu amekaa juu ya duka langu na harufu hiyo ameizoea kama ya sabuni yake. Aligeuka akanitazama. Hakukunja uso. Alinitazama kama anavyotazama mgongo, akitafuta palipo na shida. Kisha akamgeukia karani.

"Imefunguliwa," alisema.

"Imefunguliwa na wewe?"

"Hapana. Lakini imefunguliwa nyumbani ninakoishi, baada ya kutoka chuoni."

"Na nani?"

"Huyo sitamtaja."

Karani alimwita Msajili. Alikuja mzee mpole, amevaa sweta, akaisoma hati amesimama. Aliiona penseli. Nadhani alihesabu, maana midomo yake ilicheza. Kisha akamwonyesha mdogo wangu mstari wa penseli, akasema neno ambalo mtu mwingine angelidaka kwa mikono miwili.

"Binti, makarani wa vyuo wana kawaida ya kusahihisha kwa penseli kabla ya kufunga. Na gundi wanatumia yoyote iliyo karibu. Je, si ndivyo ilivyokuwa?"

Ukumbi ulikuwa na watu wapatao ishirini. Alichohitaji mdogo wangu ni neno moja, ndiyo, aende zake akajiandae na mtihani. Na wala lisingekuwa na madhara, maana jumla ya penseli ndiyo ya kweli.

Akasema, "Hapana, mzee. Huo si mwandiko wa chuo. Hesabu sijui kama ni sawa, nimeuona mstari huo tu. Lakini huo si mwandiko wa chuo."

Msajili aliirudisha hati ndani ya bahasha. Akasema, "Unaelewa kwamba ukisema hivyo mimi sina njia, lazima niite polisi?"

"Naelewa."

Mimi nilikuwa kwenye benchi. Mdomo nilikuwa nao, na ulimi ulikuwamo. Hatua sita. Sikusema kitu, na nilibaki nimekaa mpaka askari wawili walipokuja kumchukua.

Aliachiwa saa tisa alasiri, akatakiwa arudi kesho yake. Alipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini hakunitaja.

"Kwa sababu utasema mwenyewe, kaka."

"Na nisiposema?"

"Basi nitakuwa nimekujua."

Alikwenda kusoma. Hakuna lingine aliloniambia kuhusu jambo hili mpaka leo, wala hakupunguza heshima, chai amenipa, shikamoo amenipa. Ningependa angenitukana.

Jana tarehe 13 alikuja hapa kituoni kuanzia saa nne hadi saa nane, na naambiwa jibu lake lilikuwa lile lile. Mimi nilikuwa dukani. Nilikata kioo cha kabati la mteja, kikapungua sentimita mbili. Mafundi wangu walikitazama, kisha wakatazama pembeni.

Naomba liandikwe pia kwamba chuo hakijaitwa hapa. Mtu aliyebeba moja badala ya nne yuko ofisini kwake, hana habari, na mwanafunzi aliyetimiza saa zake na ziada ya kumi na tano ndiye anayekalishwa kwenye viti vyenu. Kisheria mimi ndiye mkosaji, sikatai. Lakini kosa la kwanza limetoka huko.

Afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Nina moja. Katika maisha yangu nimejipenyeza penye nafasi ndogo kuliko ile aliyopewa na Msajili, na ndivyo nilivyofika nilipofika. Mdogo wangu alifunguliwa mlango mzima akakataa kupita, na wakati huo huo alikuwa ananikinga mimi. Sijui alijifunza wapi. Kwangu hakujifunza. Mgongo wangu nitamkabidhi yeye kabla ya tabibu yeyote mwenye cheti cha fremu ukutani, yeye awe na leseni au asiwe nayo, ila najua bila leseni hatanigusa.

Niliyoyasema yameishia hapa. Ni yangu mwenyewe, sikuahidiwa kitu wala sikutishwa, nimesomewa yote na nimesahihisha mahali pawili penye tarakimu.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyachukua maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Mwandiko wake umelinganishwa na ule wa penseli, unafanana. Shahidi sasa ni mtuhumiwa katika jalada hili na ameachiwa kwa dhamana yake mwenyewe. Saa nne na dakika hamsini nimezungumza na Msajili kwa simu. Amesema Baraza halina tena shaka na mwombaji, na litapokea hati mpya iliyohakikiwa na chuo endapo itafika kabla ya dirisha kufungwa tarehe 20. Mwombaji, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi la nje tangu saa nne, ameelezwa hayo. Ameomba kalamu, ameandika saa za mabasi ya kwenda chuoni kwenye kiganja chake, na ameondoka saa tano na robo. Shahidi alisimama amfuate akamsaidie kubeba hiyo bahasha mpya. Mwombaji amemwambia, "Kaka, kaa." Amekaa.