Gari la Baba Halipashi Miguu

Nyumba ya Hautala,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Michigan ya Kaskazini.
Jumanne, 18 Februari 1997

Mpendwa mdogo wangu Arvid,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Natumaini wewe, mkeo Darlene na binti yenu Kirsten hamjambo, na kwamba jua la Arizona halijawakausha. Sisi huku tunapumua. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni, sauna yetu ya mvuke tunaiwasha kila Jumamosi kama kawaida, na Mama anakula vizuri, ingawa analalamika kwamba mkate wangu wa iliki hauna iliki. Goti langu linauma, lakini hiyo si habari.

Barua yako ya Januari nimeipata, pamoja na ile fomu ya nyumba ya wazee uliyotaka niitie sahihi. Nitafika hapo. Kwanza nikueleze habari za gari la Baba, maana limenichefua tangu Novemba, na nisipoyatoa haya kwenye karatasi nitayatapika mezani.

Unajua kwamba Mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kliniki ni mwendo wa saa nzima. Unajua pia kwamba damu haifiki vizuri miguuni mwake, na daktari ameonya kuwa baridi ikizidi huko chini atakatwa vidole. Sasa tangu theluji ya kwanza, hita ya gari ilianza kupeleka joto lote kwenye kioo cha mbele. Unabonyeza kitufe cha miguuni, feni inavuma, na chini hakuna kitu. Mimi kwenye usukani navua koti, jasho linanitiririka. Mama pembeni yangu magoti yanagongana.

Nililipeleka kwa fundi mjini. Jina lake silitaji, nitachafua karatasi. Akabadilisha thamostati, akasafisha rejeta, akanirudishia gari vilevile lilivyokuwa pamoja na kalenda ya bure. Nilipomrudia akasema, "Bibi wee, gari la mwaka sabini na tisa hili. Ulitaka likukande na miguu?" Wenzake wakacheka. Kalenda nimeitandika chini ya bakuli la paka.

Akaja binamu yetu Wilho, bingwa wa mambo yasiyomhusu, na kipande cha boksi. Akakifunga mbele ya rejeta, kama wafanyavyo watu wote wa huku kipupwe kikikaza. Injini ikapata moto kweli. Kile kioo ungeweza kuokea mkate. Miguu ya Mama, hakuna mabadiliko.

Hapo na mimi nikafanya ujinga wangu, na sitaki uusikie kwa mwingine. Nilichukua jiwe kutoka kwenye jiko la sauna, nikalizungushia magazeti, nikalivisha soksi ya sufu na kuliweka chini ya nyayo za Mama, kama Bibi alivyokuwa akitufanyia tukienda kanisani na gari la farasi la kutelezea. Siku ya tatu magazeti yalifunguka njiani. Mama hakuhisi chochote, kwa kuwa nyayo zake zimekufa ganzi. Walipomvua viatu kliniki, lengelenge lilikuwa la ukubwa wa yai.

Muuguzi alinitazama kama mtu aliyemchoma mama yake kwa makusudi. Akasema Mama akifika tena na miguu iliyoganda au iliyoungua, ataandika ahamishiwe nyumba ya wazee iliyo jirani na kliniki. Akatupa muda mpaka mwisho wa Februari. Nilijichukia, Arvid. Ndipo nikakupigia simu, na ndipo ukatuma fomu, ukaandika kwamba gari limezeeka na Mama amezeeka, na vyote viwili vimefika mwisho wa barabara.

Mama hataki hata kuisikia nyumba hiyo. Anasema inanuka kabichi na upweke. "Nizikeni kwanza," ananiambia, "halafu mnihamishe mtakako."

Jumamosi iliyopita jirani yetu Reino Saari alikuja kuoga sauna. Unamkumbuka, yule mstaafu wa mgodi anayesema maneno kumi kwa mwaka. Nilikuwa nalisema gari huku nikimmiminia kahawa, yeye akaweka kikombe chini.

"Hewa ya kwenye kioo inatoka?"

"Inatoka, tena ya moto."

"Sasa thamostati wamebadilisha ya nini? Joto unalo. Njia ya miguuni ndiyo iliyokufa."

Miezi mitatu nahangaika, na hilo swali moja hakuna aliyeniuliza. Jumapili baada ya ibada akaja na tochi na mkoba wake wa bisibisi. Akanieleza kwamba vilango vya hewa katika gari lile havivutwi na waya. Injini inanyonya hewa, na mvuto huo unapita kwenye vipaipu vyembamba nyuma ya dashibodi mpaka kwenye vikopo vidogo vyenye ngozi ya mpira ndani. Kikopo kikinyonywa kinavuta kilango, kilango kinafunguka. Mvuto ukikosekana, springi inarudisha hewa yote kwenye kioo, ili dereva aone njia hata kama abiria wake wanaganda. Waliolitengeneza walimfikiria kila mtu isipokuwa Mama.

Sasa sikiliza namna ya kupima, mdogo wangu, na natumaini hujala. Unachomoa kipaipu, unakitia mdomoni, unanyonya, kisha unakiziba kwa ulimi. Ulimi ukinaswa, ngozi ya ndani ni nzima. Mgongo wa Reino haukunjiki tena, kwa hiyo ni mimi, mwanamke wa miaka sitini na mbili, niliyelala chali sakafuni mwa gari, miguu juu ya kiti, mlango wazi, baridi ikinila mapaja.

"Nyonya," anasema Reino.

"Nimenyonya."

"Ulimi umenaswa?"

"Umenaswa."

"Kingine."

"Reino, hiki kina mavi ya panya!"

"Tema. Halafu nyonya."

Nimelionja gari lile lote. Lina ladha ya raba iliyooza, vumbi la miaka kumi na minane, na jambo lingine ambalo sitalitaja kwa kuwa Kirsten husoma barua zako. Nilipotoka nilisukutua kwa kahawa, na kahawa yenyewe ikaniudhi.

Kikopo cha miguuni hakikushika ulimi kabisa. Ngozi yake ilikuwa imepasuka. Lakini Reino hakuridhika, akakuna shingo. Alisema kikopo kilichopasuka hupiga mluzi injini ikiwaka, fsss mchana kutwa, na gari letu lilikuwa kimya kama kaburi. "Huyu kuna mtu kamnyamazisha," akasema.

Nikakifuata kile kipaipu kwa vidole, nikipapasa mpaka nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya kiti cha Mama. Pale nikagusa utepe mweusi uliozungushwa vizuri. Nikaubandua. Ndani ya mdomo wa kipaipu kilikuwa kimekitwa kijiti cha gofu, kile mnachochomeka kwenye majani na kuweka mpira juu yake. Cha njano. Kina herufi za klabu yako, Arvid.

Huku kwetu mtu akisema gofu, tunamtafutia daktari. Hakuna mwingine. Ulikuja Julai ukakaa wiki mbili, baada ya miaka tisa. Uliendesha gari la Baba, mluzi ukakukera masikio, ukauziba. Hukutengeneza chochote, uliuziba tu, na kwa kuwa Julai hakuna anayetaka joto miguuni, ukaondoka umeridhika. Hukumwambia mtu. Kisha ukakaa huko kwenye jua lako ukaniandikia kwamba gari limezeeka! Nimetafuta neno la Kikristo la kukuita, sijalipata bado.

Niliingia ndani nikitukana, nikakitupa mezani mbele ya Mama. Hakuuliza ni kitu gani. Alikichukua akakipangusa kwa aproni.

"Kumbe bado kipo," akasema.

Nikavuta kiti nikaketi. Mama alijua, Arvid. Habari za vipaipu na vikopo hana, lakini alijua ulifanya jambo mahali pale, na tangu theluji ya kwanza alihisi ndilo linalomgandisha. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia majira yote ya baridi, hata vidole vyake vikawa vya zambarau, hata nikamchoma kwa jiwe.

"Alilala chini ya dashibodi miguu nje, kama baba yake," akasema. "Nikamshikia tochi. Alikuwa anapiga mluzi wa nyimbo. Ningekwambia wewe ungemwandikia, na unavyoandika nakujua. Asingekuja tena."

Nilikwenda nje nikasukuma theluji ambayo nilishaisukuma asubuhi.

Reino aliingia msituni nyuma ya ghala lake, kwenye gari la marehemu kaka yake lililootewa na miti, akarudi na kikopo kizima na kiota cha panya. Nikanyonya tena. Ulimi ukanaswa. Kabla ya giza kuingia joto lilikuwa linamwagika miguuni, na mluzi hakuna. Jana nilimpeleka Mama kliniki. Alivua viatu mwenyewe, njiani, akasema jamani kuna joto. Muuguzi alizishika nyayo zile, akazishika tena, akaandika kitu kwenye faili, na safari hii hakunitazama vibaya.

Niliapa kwa Mama kwamba sitakuandikia. Sasa unaona kiapo changu kina thamani gani. Lakini heri ujue: mama yako alikuwa radhi vidole vyake vikatwe kuliko wewe ukasirike usirudi. Nimechefuka nawe, nimechefuka nami, na naye pia kidogo, Mungu anisamehe.

Fomu yako nairudisha humu. Haina sahihi. Nilitaka kukurudishia na kijiti, lakini Mama amekinyakua akakitia kwenye kopo la vifungo, pamoja na saa ya Baba.

Reino anakusalimu, kwa neno moja. Wilho naye anasalimu na kuuliza kama unataka boksi. Mpe Darlene salamu, umbusu Kirsten. Mungu awalinde na jua, nasi atulinde na barafu.

Njoo Julai. Mama ameshanunua betri mpya za tochi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ladha ya panya mdomoni,

Irja