Kamba Yenye Mafundo Mawili

Na tena, Dada Vero, sijamaliza habari ya uzi. Siku ile nilikueleza harusi tu, jinsi Yohana alivyonishika mkono mpaka padri akatabasamu, mengine yote nikasahau. Nisamehe. Ni miezi miwili sasa, na nikisikia pikipiki yake inakata kona ya hapa Majengo bado najipaka mafuta haraka haraka kama msichana wa fomu two. Ulinifundisha kufuma, ukanipa na mdogo wako bila kujua. Sasa wewe ni wifi yangu, na mapacha wako wanalala chumba cha pili, ila ulimi umezoea Dada.

Basi, uzi. Ule wa bluu wa masweta ya shule ulianza kupungua. Leo bonge zima, kesho nusu. Nikimuuliza Kulwa, anaangalia dari. Nikimuuliza Doto, anasema, "Labda panya, Anti." Panya wa kuchagua bluu tu! Nikiingia chumbani kwao, wananyamaza. Na Jumamosi Yohana akirudi nao kutoka shambani Kakese, suruali yake ina nyuzi za bluu.

Halafu nikiwa nafua nikaikuta kamba mfukoni mwa koti lake. Unakumbuka ulivyoikataa futi ya mafundi cherehani? Wateja wako uliwapima kwa kamba: fundo la kwanza mabega, la pili urefu, la tatu kifua. "Usiandike, funga fundo," ulikuwa unaniambia, "karatasi utaiwashia moto." Kamba hii ilikuwa na mafundo mawili. Mabega yapo, mapana. Urefu upo. Kifua hakuna. Nikakaa chini kando ya beseni nikaelewa kila kitu: kuna mwanamke, Yohana amempima mwenyewe, na akaona aibu kuzungusha kamba kifuani. Nilimpa jina, nikampa na miguu mirefu. Siku tatu nilipita mtaani nikiangalia mabega ya wanawake.

Jumapili tukinywa chai nikaitupa kamba mbele yake. "Mwenye mabega haya ni nani?"

Yohana akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kulwa hakucheka. Alikwenda chumbani akarudi na kitu cha bluu, bado kiko kwenye spoki mbili za baiskeli ambazo Doto alizinoa kwenye jiwe.

"Ni ya mama," akasema. "Kakese asubuhi kuna baridi. Msalaba wake hauna kitu."

Sweta la msalaba, Dada. Ule wa mbao, wa kaburini kwako. Vitanzi vimebana kama vyangu vya mwaka wa kwanza, vile ulivyokuwa unavifumua bila kunigombeza. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, lakini kilichonitoka ni swali: kwa nini mnifiche mimi? Doto akajibu huku akiangalia kikombe: "Tulijua utasema tunaharibu uzi. Mama alikuwa hasemi."

Hilo ndilo limenikaa, kuliko yule mwanamke wa miguu mirefu. Maana kweli ningesema. Na sijui kama wataniamini. Nikirudi sokoni na uzi, Kulwa anauangalia, halafu ananiangalia mimi, kama anayepima nitatoa au nitaficha. Nami namwangalia yeye. Yohana ananiambia nisiwe na haraka, ananibusu shingoni, nasahau. Halafu nakumbuka.

Jana jioni Kulwa alikuja akasimama karibu yangu. Hakuomba samahani, wala mimi sikuweza. Alinikabidhi spoki. "Mkono wa kushoto umetushinda, Anti. Fuma wewe. Ila yetu usiifumue."

Sitagusa hata kitanzi chao kimoja, hata vile vilivyoruka. Mkono wa kushoto nimefika nusu, na nimeubana makusudi ufanane na ule wao wa kulia.

Pumzika, Dada Vero, wifi yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kakese wote wanne. Watakuvalisha wao. Mimi nitasimama nyuma mpaka waniite.